Msumari wa Dirishani

Tangu vita vifunge mpaka wa kwenda Bujumbura, nyumba ile ya mtaa wa Songo ilikuwa na mahali pamoja tu ambapo simu ilikamata mtandao: kwenye msumari wa dirishani. Ikining'inia pale kwa kamba yake, mnasikilizana vizuri. Ukiigusa, inakata.

Siku hiyo walimu wa chuo kikuu cha Bujumbura walikuwa wanamhoji Amandine kwa simu, waone kama anafaa kusomea master ya afya ya jamii. Mtihani wa kuandika alikuwa ameupita. Dada yake Generose, waliyeufanya naye pamoja, alikuwa ameanguka. Hata hivyo Generose ndiye aliyemfanyisha mazoezi, na sasa alisimama kando ya dirisha akiitazama blauzi yake nyeupe mwilini mwa mdogo wake. Ilimkaa Amandine vizuri kuliko ilivyowahi kumkaa mwenyewe.

"Kwa nini kipindupindu hakikomi huko kwenu?" sauti ya simuni iliuliza.

"Watu hawachoti maji machafu kwa ujinga," Amandine alijibu. "Wanachota pale wasipopigwa risasi."

Generose aliinua macho kutoka kwenye blauzi. Maneno yale aliyasema yeye, jana, akipepeta mchele.

"Jibu zuri sana. Umelisoma wapi?"

Amandine alimtupia dada yake jicho, kisha akaigeukia simu.

"Sikulisoma. Nimeliwaza mwenyewe."

Upande wa pili walicheka kwa kuridhika.

Generose akanyoosha mkono dirishani.

"Yaya," Amandine alimnong'oneza dada yake mkubwa, "usiiguse, réseau itakata."

"Iko na mavumbi," Generose alisema, akaitungua.