Foili ya Jikoni

Droni ilianza kwenda mrama juu ya turubai la harusi. Sikitu, mpiga picha, alibonyeza kitufe ili irudi, lakini ikazidi kuteleza kuelekea upande wa bibi harusi. Kwenye kioo cha rimoti, alama ya setilaiti ilikuwa imepotea. Droni haikujua tena ilipo.

Asubuhi shangazi wa bibi harusi alikuwa ameiona foili ambayo Sikitu aliizungushia kamera ya droni. "Mwanangu, kitoe hicho kitu cha jikoni. Tutachekwa na wakwe." Akaitoa kwa heshima, bila kumweleza kwamba ndiyo iliyozuia mawimbi ya kamera yasiizibe droni masikio.

"Mbona inashuka huku?" shangazi aliuliza.

"Watoe watoto, shangazi! Watoe!"

Ilibaki njia moja: azime kamera, huenda droni ikaisikia tena setilaiti. Lakini Sikitu alikuwa chini ya turubai, asiweze kuiona droni; kamera ndiyo iliyokuwa macho yake.

Akazima. Kioo kikawa cheusi.

Vigelegele vilikatika kimoja kimoja, ukabaki mvumo wa mapanga ya droni. Shangazi alisimama akitazama juu, mikononi ana sinia la pilau, limefunikwa kwa foili kama ile ya kamera.