Kitumbua cha Moto

Jirani yao, Bi Sijali, anaapa kwamba siku ile Mwatime aliita kutoka kila kibanda cha soko, na huku mwenyewe amesimama getini analia.

Mwanawe Chiku, ambaye hajafikia umri wa shule, alikuwa amempotea humo sokoni. Picha yake ilishatumwa kwenye grupu la mtaa, na watu wakaita "Chiku! Chiku!" mpaka koo zikakauka. Lakini mama yake alikuwa amemfundisha: ukiitwa na usiyemjua, usiitike, jifiche.

"Basi umemfundisha ukapitiliza, shoga," alisema muuza dagaa, akirudi kibandani kwake.

Mwatime alifuta machozi, akabonyeza simu na kurekodi mchezo wao wa nyumbani, ule ambao hakuna mwingine anayeujua. "Kitumbua changu cha moto, nani akile?" Akautuma kwenye grupu, akaandika chini yake:

"Fungulieni sauti mpaka mwisho, jamani. Nyinyi msiseme kitu."

Soko zima likanyamaza. Kisha sauti ile ya kubembeleza ikatoka kwenye nyanya, ikatoka kwenye mitumba, ikatoka kwa kinyozi.

Nyuma ya magunia ya dagaa, kisauti kikajibu: "Mama!"

Mwatime akaanza kukimbia, akiwapenya watu. Muuza dagaa alikuwa ameshachuchumaa, simu kiganjani. Chiku aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akachungulia nyuma yake, kisha akakigonga kioo kwa kidole.

"Mama, toka humo basi," akasema. "Toka twende nyumbani."