Kondoo Mwenye Hereni

Tangu kila nyumba ipewe kondoo mwenye hereni inayosikia maneno na kuyapeleka wilayani, watu wa kule mlimani waliacha kuongea ndani. Paskalina na mumewe Boay walikwenda katikati ya ngano hata kugombana. Huko ndiko Paskalina alikomwambia mumewe kwamba amezika debe la mbegu za marehemu mama yake, zile zilizokatazwa. Mahali hakumtajia.

Leo mvua ilinyesha, kondoo akaingizwa jikoni. Boay akaketi karibu naye, akimkuna shingo.

"Mama Sulle, lile debe la mbegu ulilizika wapi vile?"

Paskalina aliendelea kukoroga uji. "Debe gani, baba Sulle? Umeota?"

Boay hakucheka. Akarudia swali polepole, neno moja moja, kama anayemsomea mtu aandike.