Kata ya Kwanza

Zamda alisimama na kata mkononi kando ya kitanda cha kuoshea. Maiti ya mama yake ilikuwa imelazwa chini ya shuka.

"Tia nia, mwanangu," alisema Bi Mwanahawa, mwosha maiti wa mtaa. "Anza upande wa kulia."

Zamda alikuwa hajasali tangu aanze kusomea udaktari. Hakuichukia dini; imani ilimtoka tu, wala hakujua siku gani. Lakini mama aliusia aoshwe na bintiye. Kutia nia asiyokuwa nayo kungekuwa kumdanganya mama, na kuiweka kata chini kungekuwa kumkataa.

"Na kama nia sina, bibi?"

"Kwani huuzwa dukani?" alidakia shangazi yake. "Mimina, mama wee, maiti hangoji."

Zamda alichota ndooni maji ya majani ya mkunazi, akainama. Kisha, bila kufikiri, akajimwagia kidogo kiwikoni kupima joto, kama afanyavyo mtu anayemwogesha mtoto mchanga.

Shangazi aliguna. "Daktari mzima! Huyo hasikii moto tena."

"Najua, shangazi."

Alijua vizuri kuliko wote mle ndani. Yeye ndiye aliyempima mapigo, akayakosa.

"Ni ya moto mno," alisema hata hivyo. "Niongezeeni ya baridi."

Hakuna aliyesogea. Mvuke ulipanda kutoka kwenye kata ukamlowesha kidevu. Bi Mwanahawa alikunja mkono wa gauni lake na kutumbukiza kiwiko ndooni.