Tangazo la Sabuni

"Sabuni," alisema Agutu.

Macho yake yalikuwa yamezunguka chumba kizima, mpaka yakatua kwenye kipande cha sabuni juu ya beseni la ofisi. Venant, msimamizi wa bustani ya umma pale ufukweni, aliweka kalamu chini akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu dada huyu aingie.

"Sasa si ungeanza hivyo? Nakuuliza ni harusi, siyo. Kipaimara, siyo. Picha za nyumbani mkapigie nyumbani kwenu. Video bustanini kibali chake ni cha biashara tu. Sabuni ni biashara."

"Ndiyo, mzee. Ni tangazo."

"La kwenye televisheni?"

"Wataliona watu wengi. Jumamosi. Kwa hiyo lazima tupige Ijumaa asubuhi. Mzee, Ijumaa isinipite."

Venant hakuuliza zaidi. Watu walikuwa wanapunguzwa kazini kila mahali, na bustani ilishapata tajiri wa kuikodi, anataka kujenga baa. Baa haina haja na msimamizi wa maua. Wakubwa walimwambia wazi: bustani ionekane ina faida, au yeye arudi kwao Ukerewe akalime mihogo. Kwa umri wake, na mgongo ule, mihogo ndiyo ingemzika yeye. Sasa leo tangazo, tena la televisheni.

Akapiga muhuri.

Mlangoni Agutu aligeuka. "Mzee, naomba msibadilishe kitu. Bustani iwe hivi hivi. Hata wale wanaolala humo, waacheni tu."

Venant alicheka mpaka akakohoa. Watu wenye adabu anawajua. Mgeni akikwambia usijisumbue, hapo hapo unakimbiza kuku.

Alhamisi nzima ikawa kazi. Nyasi zikafyekwa. Shimba, mlinzi wa bustani, akapewa ndoo ya chokaa. Akapaka mawe ya njiani, akapaka mashina ya miti, akafika kwenye majabali ya ukingoni mwa ziwa, ambayo hayakuwahi kuguswa tangu Mungu ayatue pale.

"Bosi, na hili?"

"Na hilo."

"Hiki ni kilima, bosi."

"Paka unapofika."

Jioni likaja lori la taka, aliloliazima Venant kwa maneno matamu, kuwazoa waliokuwa wanalala bustanini.

"Tangazo la sabuni," aliwaambia vijana wa lori, "halafu kwa nyuma anakatiza mtu hajaoga tangu shilingi ina thamani?"

Vijana wakacheka. Lori likaenda mbele ya Buhongwa, nje ya mji, likawamwaga watu porini, likarudi tupu. Venant alikuwa ameshakwenda kulala.

Ijumaa asubuhi alimkuta Shimba getini, macho mekundu.

"Wameondoka wote?"

"Wote, bosi. Ila mmoja hakupanda lori. Yule kichaa mrefu. Alitukimbia, akakwea lile jabali. Chokaa ilikuwa bado mbichi. Akateleza, akaenda majini."

"Akatoka?"

Shimba aliangalia viatu vyake. "Tulimulika mpaka betri zikaisha."

Venant aliegemea geti. Lilikuwa limeoshwa, linang'aa.

"Ana ndugu?"

"Kichaa wa bustanini ana ndugu gani, bosi?"

"Basi mgeni asisikie. Akishamaliza, tutaripoti."

Agutu alifika na Gidion, mpiga video wa mtaa wa Igogo, kamera yake imefungwa kwenye kanga kama mtoto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni, mjionee wenyewe."

Agutu alisimama palepale getini. Halafu akaanza kutembea haraka, karibu kukimbia. Akachungulia nyuma ya vichaka. Akainama chini ya mabenchi. Venant alimfuata nyuma akihema, anaonyesha huku na huku.

"Hata karatasi huoni, dada. Hata ganda la muwa."

"Wako wapi?"

"Kina nani?"

"Waliokuwa wanalala hapa."

"Ah, hao wamekwenda. Sasa hapa hata sabuni yenyewe ikidondoka unaiokota, unanawia."

"Hakuna sabuni," alisema Agutu.

Tabasamu la Venant lilibaki usoni, halina kazi.

"Hakuna sabuni, mzee. Kaka yangu alipotea miaka mingi. Kesho kwetu Shirati wanazika tunda la yago, lile la mwegea, kwenye jeneza badala ya maiti, kwa jina lake. Wakishazika, mke wake anarithiwa, na yeye hata akirudi haingii tena nyumbani. Nimewaambia wazee yuko hai, yuko Mwanza, analala bustani hii, akili tu ndiyo imemtoka. Hawaamini. Kila nikimshika ananiponyoka. Wamesema wakiona video yake anatembea, wataacha."

Akamgeukia Shimba.

"Wewe lazima unamjua. Ni mrefu." Akainua mkono juu ya kichwa chake mwenyewe, mpaka akasimama kwa ncha za vidole. "Hivi."

Gidion alikuwa ameshafungua kanga, kamera iko begani, jicho moja amelifumba.

"Dada, nielekeze kamera wapi?"

Shimba akavua kofia, akanyoosha kidole ziwani.