Dawa ya Kupe

Paka alikuwa akitetemeka mikononi mwa Brigita, mate yakimchuruzika mpaka kwenye kitenge. Brigita aliusukuma mlango wa jirani bila hata hodi.

"Umemtilia sumu! Kwa vifaranga vyako viwili tu alivyokula!"

Jirani aliacha kuchambua maharage. "Mimi? Ningetaka kumuua huyo paka wako chotara, ningemuua mchana kweupe, kijiji kizima cha Daa kikiona."

"Mchawi wewe!"

Jirani aliinama, akamnusa paka shingoni, akakunja uso. "Ananuka josho la ng'ombe. Nani kamwogesha na dawa ya kupe?"

Brigita aliitazama mikono yake. Jana alipomaliza kuogesha ng'ombe, dawa ilibaki kwenye ndoo, na paka alikuwa hoi kwa viroboto. Alimsugua mwenyewe mpaka masikioni. Kama ng'ombe haimdhuru, alijiambia, paka itamfanya nini?

"Nakuuliza, nani?" Jirani alikuwa ameshavuta beseni la maji na kipande cha sabuni. "Mlete tumwoshe, anazidi kujilamba!"

Brigita alimwachia jirani paka, akaificha mikono yake chini ya kitenge.

"Ni wewe tu uliyemtilia sumu," Brigita alisema.