Kopo la Paskalina

Wa kwanza kutolewa ofisi ya kata alikuwa mweusi kwa masizi mpaka masikioni. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alitoka anajifuta uso kwa shati, analalama, "Kopo tu, jamani! Kopo limenitoa!"

"Matapeli hao," Paskalina alimwambia Angelina kwa sauti ya kusikika foleni nzima. "Sijawahi kuwaona kwenye kijiwe chochote cha mkaa Ilala hii. Wamejipaka asubuhi, sasa wanataka mitungi ya gesi ya wenyewe!"

Yeye mwenyewe alijisugua kwa dodoki tangu alfajiri, akavaa gauni la kanisani. Amelelewa na masista kule Ndanda, na kwa malezi yake ofisi ya serikali haiendewi na uchafu.

Mitungi yenyewe ilikuwa imepangwa ukutani, mipya, inang'aa. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba wauza mkaa ambao kazi inawafia kwa sababu watu wanahamia kwenye gesi, kila mmoja atapewa mitungi kumi aanze biashara mpya. Mwisho wa kujiandikisha ni leo. Paskalina kauza mkaa sokoni Mchikichini miaka ishirini na mbili. Shule iliyokuwa inachukua magunia kwake imeshahamia kwenye gesi, na hoteli mbili zimefuata. Akiikosa mitungi hii, labda arudi Ndanda akakae kwa kaka yake, asubiri kuonewa huruma na wifi. Thubutu!

Kila mtu alitakiwa aje na mteja wake wa siku nyingi awe shahidi. Ndiyo maana alikuja na Angelina, mama ntilie wa pale pale sokoni, aliyenunua kwake makopo mawili ya mkaa kila siku kwa miaka kumi na minane.

Zamu yao ilipofika, afisa mmoja mwembamba aitwaye Wilbert alimtazama Paskalina toka juu mpaka chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mbona hufanani na muuza mkaa?"

"Ulitaka nije na gunia kichwani? Mkaa ni kazi, mwanangu, siyo ugonjwa wa ngozi!"

Foleni ikaangua kicheko. Wilbert hakucheka. Alimgeukia Angelina. "Unamfahamu huyu?"

"Huyu? Haki ya Mungu, Mchikichini nzima hakuna muuza mkaa mwaminifu kama huyu," Angelina akasema. "Kopo lake lina kilemba juu! Wala hakusumbui, anakumiminia mwenyewe kwenye mfuko, chap chap, unaondoka. Mkaa tu wa siku hizi ndio hauna baraka, unaisha maharage hayajaiva. Miti ya sasa hiyo, tutafanyaje?"

"Miti ya sasa," Paskalina akaitikia, macho yakiwa kwenye mitungi.

Wilbert akasogeza kopo la rangi na gunia la mkaa lililofunguliwa. "Haya, nipimie kopo moja."

Kumbe ndiyo hivyo tu! Paskalina akapiga magoti na gauni lake la kanisani. Mbele ya serikali, na mbele ya Angelina, hakutaka doa. Akajaza, akatikisa, akaongeza, akashindilia vipande vidogo kwenye kila upenyo mpaka kopo likawa zito kama jiwe. Angelina akapiga makofi.

Wilbert akachukua kalamu, akakata jina la Paskalina kwenye orodha. "Mwingine!"

"Mwingine nani?" Paskalina akasimama, mikono kiunoni. "Hapa sitoki! Hata mlete winchi, sitoki! Vidole vyangu vimepasuka kwa mkaa, kifua changu kimejaa vumbi la mkaa. Mmetuhamishia watu kwenye gesi hatujawaomba, tumenyamaza. Leo mnaninyima na kilicho changu? Niambie nimekosea wapi!"

Wilbert akaweka kalamu chini. "Mama yangu kauza mkaa Buguruni miaka thelathini. Kanisomesha kwa kopo hilo hilo. Angekuwa anapima kama ulivyopima wewe, nisingefika hata darasa la tatu."

Kule nyuma wauza mkaa wenzake wakaanza kuangalia viatu vyao.

Paskalina akaitazama mitungi. Akamtazama Angelina, aliyekuwa bado anatabasamu, hajaelewa. Kisha akainua kidevu, akalipindua kopo, mkaa ukamwagika sakafuni.

Akapiga magoti tena. Safari hii mikono ilikwenda yenyewe. Vipande virefu vikasimama vinaegemeana, vipana vikalazwa juu yake, kilemba kikapanda. Hata nusu dakika haikufika.

"Sahihi yako hapa, mama," Wilbert akasema, akimsogezea karatasi.

Paskalina akainama mezani, akatia sahihi kwa herufi kubwa. Nyuma yake Angelina akalinyanyua lile kopo, akalitikisa mara moja tu, na mkaa wote ukashuka mpaka nusu.